Nilizaliwa Mpika, mwanangu kazaliwa Kitwe: je, naye ni Mtanzania?

Swali

Shikamoo wakili. Naishi Uyole, Mbeya, nina watoto wawili. Mkubwa ni wa kiume, alizaliwa Kitwe, Zambia. Ana miaka 17, yuko kidato cha tano, na bado miezi tisa atimize 18. Mdogo ni wa kike, ana miaka 9. Yeye nilikuja kujifungulia nyumbani, Hospitali ya Meta. Baba yao ni Mzambia na bado yuko Kitwe kikazi. Tunaelewana, ila mimi na watoto tulirudi huku mkubwa akiwa anaingia darasa la tano. Mimi ni Mtanzania, nina NIDA na pasipoti. Marehemu baba alikuwa mfanyakazi wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ndiyo maana mimi mwenyewe nilizaliwa Mpika, huko huko Zambia, mwaka 1984, tukahamia Iyunga nikiwa mdogo. Nimesikia siku hizi mama anarithisha uraia sawa na baba. Sasa mtoto anakaribia umri wa NIDA, na shuleni wameanza kuwaambia habari za mikopo ya chuo. Jirani ananishauri nimtafutie cheti cha kuzaliwa cha RITA kinachoonyesha kazaliwa hapa Mbeya, yaishe. Nifanyeje? Ndaga fijo.

Jibu

Marahaba dada, na ndaga kwa kueleza mambo kwa kirefu. Wengi huniandikia mistari miwili tu, "mtoto wangu kazaliwa nje, ni raia au si raia?", nami nabaki kukisia. Wewe umeniuliza habari za mtoto, lakini jibu nimelikuta kwenye maneno uliyoyapitishia njiani: kwamba wewe mwenyewe ulizaliwa Mpika.

Nikwambie moja kwa moja ili usisome ukiwa na wasiwasi. Kwa maelezo yako, binti yako mdogo ni raia wa Tanzania. Mwanao mkubwa, kwa sheria ilivyo leo, si raia wa Tanzania, ni Mzambia. Njia ya kumfanya awe raia ipo, tena ni ya halali na wewe ndiye unayeianzisha. Ila njia hiyo ni ya mtoto, na miezi tisa si mingi kwa shughuli za aina hii.

Sasa tuone kwa nini watoto wa tumbo moja wamesimama pande mbili tofauti.

Uraia wetu unaongozwa na Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Sura ya 357. Sheria hiyo inatambua raia wa kuzaliwa, raia wa kurithi na raia wa tajnisi. Wa kuzaliwa, ukipenda kufungua ni kifungu cha 5, ni aliyezaliwa ndani ya Tanzania. Na ofisini wanataka angalau mzazi mmoja awe raia. Wa kurithi, kifungu cha 6, ni aliyezaliwa nje huku baba au mama yake akiwa Mtanzania siku mtoto alipozaliwa. Wa tajnisi ni mgeni aliyeomba akakubaliwa.

Ulichosikia kuhusu akina mama ni kweli. Sheria tuliyoanza nayo tangu Uhuru ilimwangalia baba peke yake kwa mtoto aliyezaliwa nje. Mama wa Kitanzania aliyeolewa na mgeni akajifungulia ugenini hakuwa na cha kumpa mwanawe. Sheria ya 1995 ndiyo iliyomweka mama sawa na baba, na hapo hakuna ubishi.

Lakini kifungu hicho hicho cha 6 kina mkia ambao watu hawausomi. Mzazi anayerithisha lazima awe raia kwa njia nyingine, yaani kwa kuzaliwa au kwa tajnisi. Ambaye uraia wake mwenyewe ni wa kurithi hawezi kumrithisha mtoto aliyezaliwa nje ya nchi. Urithi huu unaruka mpaka mara moja tu.

Tuipange familia yako. Kwa ile "ndaga fijo" yako, asante ya Kinyakyusa, nahisi baba yako ni mzaliwa wa Rungwe au Kyela. Kama ndivyo, na kama angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika, basi tarehe 9 Desemba 1961 alikuwa raia bila kujaza fomu yoyote. Huyo ni raia wa kuzaliwa. Wewe ukazaliwa Mpika, Zambia, ukarithi kutoka kwake: wewe ni raia wa kurithi. Mwanao kazaliwa Kitwe, nje ya nchi tena, na mzazi wake Mtanzania ni wewe peke yako. Hapo kamba imekatika. Binti yako kazaliwa Meta, ndani ya Tanzania, mama yake raia. Kwake kifungu cha 6 hakihusiki hata kidogo, yeye anaingia kwa kifungu cha 5.

Jambo hili sisi wa Mbeya linatugusa kuliko mikoa mingi. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na karakana zake kubwa ziko Dar es Salaam na kule Mpika. Wafanyakazi walihamishwa huku na huko na familia zao. Na kabla ya reli, vijana wa Rungwe walikuwa wameshazoea njia ya migodi ya shaba: Kitwe, Mufulira, Luanshya. Watoto waliozaliwa huko wakarudi, wakasoma Iyunga na Sangu, wakaoa na kuolewa. Hakuna aliyewauliza kitu, kwa sababu katika maisha ya kila siku raia wa kurithi hana pungufu yoyote. NIDA ni ile ile, pasipoti ni ile ile, kura anapiga. Tofauti inajitokeza siku anapozaa nje ya nchi, na hata hapo haionekani mpaka mtoto akaribie miaka 18.

Sitakuficha maoni yangu. Mgeni aliyepata tajnisi juzi, akijifungulia Lusaka kesho, mtoto wake anarithi uraia wa Tanzania. Wewe uliyelelewa Iyunga tangu utoto, huna hilo. Naelewa waliotunga sheria waliogopa nini: hawakutaka uraia uendelee kushuka kwa vizazi vya watu ambao hawajawahi kukanyaga nchi, na Waingereza nao wana ukomo unaofanana na huu. Ila wangeweza kuangalia mzazi kaishi wapi, badala ya kuangalia leba aliyozaliwa ilikuwa upande gani wa Tunduma. Hayo ni maoni. Kaunta ya Uhamiaji inafuata sheria.

Kabla hujafanya lolote, kuna mambo mawili ya kujua kwa hakika, kwa sababu yanaweza kubadilisha jibu langu lote.

La kwanza, je, ulizaliwa Mpika kweli? Siulizi kwa utani. Wake wa wafanyakazi wa reli wengi walikuwa wakirudi kwao kujifungua, hasa mtoto wa kwanza, halafu mtoto anaandikishwa pale baba alipo kazini. Ulivyofanya wewe kwa binti yako, kuja kwa mama yako kujifungua, huenda mama yako naye alifanya hivyo hivyo mwaka 1984. Muulize kama yupo, au muulize shangazi. Ukikuta kwamba ulizaliwa huku Rungwe, hospitali ya Makandana au Igogwe, na kuna ushahidi wa wakati ule, iwe kadi ya kliniki, kitabu cha wodi au cheti cha ubatizo kinachotaja mahali ulipozaliwa, basi wewe ni raia wa kuzaliwa, na mwanao alikuwa Mtanzania tangu siku ya kwanza. Nasema ushahidi wa wakati ule. Kiapo kilichoandikwa leo kwa ajili ya shida ya leo hakimshawishi mtu. Na ukikuta kweli ni Mpika, acha ibaki Mpika.

La pili, ulipokuwa Kitwe, uliwahi kuchukua uraia wa Zambia? Mke wa Mzambia anaweza kuomba kuandikishwa baada ya miaka kadhaa ya ndoa. Wapo pia waliojipatia NRC ya kijani, kitambulisho cha raia wa kule, kwa urahisi wa maisha. Pale mpakani, Tunduma na Nakonde, wanaofahamu hili hawahitaji maelezo. Mtanzania mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake anapoteza wa Tanzania, na anaweza kukaa miaka bila kujua. Kama lilitokea, usiende kaunta kuomba chochote kabla hujakaa na wakili na kumweleza ukweli wote, maana hapo swali linakuwa la uraia wako mwenyewe. Kama halikutokea, vizuri, tuendelee.

Sasa ushauri wa jirani. Najua alikusudia wema. Na najua vishoka wanaoweza kukamilisha kazi hiyo wapo, hawakosekani karibu na ofisi yoyote ya serikali. Usifanye. Sheria inahesabu maelezo ya uongo kuhusu uraia kuwa kosa la jinai, lakini hebu tuache hofu ya mahakama tuangalie hali halisi ya mwanao. Kadi yake ya chanjo ina mihuri ya kliniki ya Kitwe. Darasa la kwanza hadi la nne kasomea Zambia, na shule ya huku ilimpokea kwa barua ya uhamisho ambayo iko kwenye faili. Cheti chake cha kuzaliwa cha Zambia kipo kwenye kumbukumbu za kule, na kina jina lako. Ndugu za baba yake wanajua alikozaliwa. Karatasi moja ya uongo itashindana na karatasi zote hizo, na itashindana nazo kila mara: NIDA, pasipoti, mkopo, ajira. Katika mikoa ya mpakani afisa Uhamiaji hukaa pale pale kwenye uandikishaji wa NIDA na kuwahoji watu. Atamuuliza kijana alisoma wapi shule ya msingi, nani alikuwa mwalimu wake wa darasa la pili. Unataka mtoto wa miaka 18 aanze utu uzima kwa kudanganya mbele ya meza hiyo?

Na kuna hasara nyingine ambayo jirani hakuifikiria. Mwanao leo ana njia ya halali. Akishashikwa na cheti cha uongo, anayepima maombi yake atakuwa na sababu tosha ya kumkatalia.

Njia yenyewe ni hii. Sheria ya Uraia inampa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi mamlaka ya kumpa tajnisi mtoto mdogo wa raia wa Tanzania, kwa maombi ya mzazi au mlezi. Soma hapo vizuri: mtoto wa raia. Sheria haisemi mzazi awe raia wa kuzaliwa. Wewe wa kurithi unatosha kabisa. Lakini lazima awe bado mtoto, yaani chini ya miaka 18.

Akivuka 18 kabla maombi hayajaingia, anakuwa mgeni mtu mzima kama mgeni mwingine yeyote. Masharti ya mtu mzima ni awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na ndani ya miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi hapa jumla ya miaka isiyopungua saba. Ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema, aoneshe ana mchango kwa nchi na nia ya kuendelea kuishi hapa. Piga hesabu: alirudi akiingia darasa la tano, sasa yuko kidato cha tano. Ana miaka saba na ushei, na ile saba ukiijumlisha na miezi 12 ni minane. Ndiyo kwanza anaikaribia, na kama nitakavyoeleza mbele, miaka aliyoishi bila kibali inaweza kuleta mabishano. Ikikataliwa atalazimika kusubiri, na muda wote huo atasoma chuo kama mwanafunzi wa kigeni, bila mkopo wa Bodi, kwa sababu mikopo hiyo ni ya raia. Ndiyo maana nasema nenda wiki hii.

Unapokwenda ni Ofisi ya Uhamiaji ya Mkoa, hapo hapo Mbeya. Maamuzi hufanyika Dodoma. Omba kuonana na afisa wa dawati la uraia, mweleze kama ulivyonieleza mimi, na useme neno hili: naomba tajnisi kwa mtoto wangu mdogo, mimi ni raia wa kurithi. Ukisema tu "naomba uraia wa mtoto" unaweza kupewa fomu ya kurithi, ukaijaza, ukazungushwa miezi, kisha ukaambiwa hustahili. Kwa miezi uliyobakiwa nayo, kosa la fomu ndilo ninaloliogopa kuliko kukataliwa.

Karatasi utakazotakiwa kuwa nazo unaweza kuzibashiri: cheti chako cha kuzaliwa cha Zambia, NIDA na pasipoti yako, cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa cha mtoto chenye majina ya wazazi wote wawili, vyeti vyake vya shule ya huku, barua ya serikali ya mtaa wa Uyole, picha. Ambayo watu wengi hawaitegemei ni ushahidi wa marehemu baba yako. Uraia wako unasimama juu yake, kwa hiyo wa kwako hauthibitiki bila wa kwake. Watu wa umri wake wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Kinachosaidia ni barua yake ya ajira au ya kustaafu TAZARA, pasipoti yake ya zamani, na cheti cha ubatizo. Huku kwetu makanisa yalianza kuandika mapema. Wamoravian wako Rungwe tangu 1891, na rejista zao zimewaokoa watu wengi kuliko faili za serikali. Nenda ushirika aliobatizwa, omba nakala iliyogongwa muhuri. Ongeza barua ya mtendaji wa kijiji alikozaliwa.

Halafu majina. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu maombi mengi yanakwama hapa na si kwenye sheria. Huku tunaandika majina matatu: la mtu, la baba, la ukoo. Vyeti vingi vya Zambia vina mawili. Karani wa Kitwe anaweza kuandika Atupakisie pale NIDA ilipoandika Atupakisye. Akaacha jina la katikati. Akaweka ukoo wa mume kwenye nafasi ya ukoo wako kwa sababu tu umeolewa. Kwako wewe ni mtu yule yule. Kwa anayesoma faili Dodoma ni wanawake wawili tofauti, na mmoja wao hana uhusiano na mtoto huyu. Tandaza nyaraka zote mezani, soma herufi kwa herufi, na kila tofauti uitolee hati ya kiapo mbele ya wakili kabla hujaenda. Wasiwe wao wa kuiona kwanza. Jina likiwa tofauti kabisa, kiapo hakitoshi. Itabidi hati ya kubadili jina iliyosajiliwa.

Jambo jingine, mwanao amekuwa akiishi hapa kwa hati gani? Mzambia akija kutembea hupewa siku, na siku hizo zina mwisho. Kama mliingia kupitia Tunduma, akagongewa muhuri wa matembezi, na tangu siku hiyo hakuna aliyefuatilia, basi kwa karatasi yuko nchini bila kibali, ingawa analala kwa mama yake. Usilifiche hili, na usisubiri waligundue. Waeleze wewe mwenyewe siku hiyo hiyo, uombe wakuelekeze namna ya kumkatia hati ya kuishi nchini kama mtoto anayekutegemea wakati maombi yanaendelea. Mzazi aliyejileta na mtoto wa shule, mwenye karatasi mkononi, anasikilizwa tofauti na aliyekamatwa. Hati hiyo ina faida nyingine: kama tajnisi ya utotoni haitapatikana, miaka atakayoishi hapa kwa kibali ndiyo itakayohesabika kwenye ile saba bila mabishano.

Nisikupe uhakika nisionao. Tajnisi ni hiari ya Waziri. Si haki ambayo ukitimiza masharti lazima upewe. Lakini mtoto wa mama Mtanzania, anayeishi na mama huyo, anayesoma shule ya hapa na baba yake ameridhia, ni ombi lenye miguu. Weka ombi, chukua stakabadhi ya malipo ya serikali, na tunza nakala yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa. Tarehe hiyo ndiyo ushahidi kwamba uliomba akiwa bado mtoto.

Akikubaliwa, kazi haijaisha. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Zambia inaruhusu, tangu marekebisho ya katiba yao ya Januari 2016, na hapa ndipo watu wanapochanganyikiwa: wanasikia "Zambia ni ruksa" wanadhani mambo yamekwisha. Ruksa ya Zambia haimzuii afisa wa Tanzania kukuambia umepoteza uraia wa huku. Kifungu cha 7 kinamtaka aliyefikisha miaka 18 akiwa na uraia wa nchi mbili aukane ule mwingine na ale kiapo cha utii, la sivyo uraia wa Tanzania unamtoka. Kuukana uraia wa Zambia kunafanyika kwa Bodi ya Uraia ya Zambia, nao wana taratibu na muda wao. Mpangilio uwe huu: asikane chochote cha Zambia kabla uraia wa Tanzania haujawa mkononi kwa maandishi. Kuna vijana waliokana kwanza ili kuonyesha nia njema, wakajikuta hawana nchi.

Na jambo hili linamhusu hata binti yako. Yeye ni Mtanzania wa kuzaliwa, lakini katiba ya Zambia inamhesabu pia kuwa raia wao wa kurithi kupitia kwa baba. Kwa sasa hana kosa. Mtoto anaruhusiwa kuwa na vyote viwili. Akifika 18 naye atachagua. Cheti chake kiangalie mapema. Mbeya ndiko ulikoanzia, mwaka 2013, mpango wa kuwasajili bure watoto wa chini ya miaka mitano vituoni na kwenye kata, na vyeti vya mpango ule viliandikwa kwa mkono. Kama chake ni hicho, kihakiki RITA sasa hivi akiwa darasa la tatu au la nne, usingoje foleni ya kidato cha sita.

Kuna mtu mmoja ambaye sijaona maoni yake kwenye barua yako, naye ni kijana mwenyewe. Ana miaka 17. Baba yake yuko Kitwe, chuo kikuu cha Copperbelt kiko huko huko Kitwe, na kama Mzambia ana haki zake zote kule. Kubaki Mzambia anayeishi Tanzania kwa kibali ni maisha yanayowezekana, ingawa yana gharama: vibali vya kufuatilia, ajira zenye masharti, na ardhi. Sheria ya Ardhi ya 1999 haimmilikishi ardhi asiye raia isipokuwa kwa uwekezaji, kwa hiyo kile kishamba cha babu cha migomba kisingeandikwa kwa jina lake. Mwaka 2024 serikali ilipeleka bungeni mabadiliko ya kuwapa hadhi maalumu raia wa kigeni wenye asili ya Tanzania, na suala la ardhi lilikuwa miongoni mwa yaliyolengwa. Lifuatilie, lakini lisikupunguze mwendo: hadhi hiyo si uraia. Mkalishe chini, mwambie yote haya, mwache aseme. Kiapo cha 18 atakula yeye.

Kwa wasomaji wengine wa Iringa, Njombe na Songwe wenye watoto Marekani, Uingereza au Afrika Kusini: kama wewe ulizaliwa ndani ya Tanzania, mwanao aliyezaliwa huko ni raia tangu alipozaliwa, baba au mama yeyote kati yenu akitosha. Huombi uraia, unathibitisha tu ulio nao, kwa cheti chake cha kuzaliwa na nyaraka zako, Uhamiaji au ubalozini. Ila msidhani kila aliyezaliwa nchi fulani ni raia wa nchi hiyo. Marekani ni hivyo. Uingereza si hivyo tangu mwaka 1983, wanaangalia hali ya mzazi. Wapo wanaosubiri kukana uraia ambao mtoto hajawahi kuwa nao. Na mtoto huyo akija kuzaa huko huko nje na mwenzake ambaye si Mtanzania, rudi usome habari za dada wa Uyole.

Dada, la kuanza nalo leo ni simu Kitwe. Unahitaji barua ya ridhaa ya baba mtoto, aitie sahihi mbele ya kamishna wa viapo, aambatanishe nakala ya NRC yake iliyothibitishwa. Barua yenyewe halisi apande nayo mtu wa basi mnayemwamini au uifuate Nakonde. Picha ya WhatsApp kaunta hawaipokei.